Kambo na Uso Wake wa Pili

Wasifu wa marehemu, ulioandikwa na kusomwa na binti yake mkubwa

Marehemu tunayemzika leo alijulikana kila mahali kwa jina la Kambo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, hakulipenda, na hakuweza kulikwepa hata alipokwenda kununua vitunguu. Nyumbani alikuwa Baba, basi. Kamati ya mazishi iliomba wasifu huu uwe mfupi, utaje filamu zake kubwa, na usizue ubishi. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi na ndiye anayewasomea hapa, aliitikia "sawa" kwa adabu zote, kisha akaenda akaandika alivyotaka. Mtamvumilia. Ana hasira tangu Alhamisi, na hajui aielekeze kwa nani, maana mwenye makosa yake amelala ndani ya jeneza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili kutoka karakana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa vichwa vya treni, na mama yake alishona sare za shule. Shangazi yake, aliyekuwepo siku hiyo, alipenda kusimulia kwamba mtoto alitoka kimya, akawatazama waliokuwa chumbani mmoja baada ya mwingine, na walipokwisha kuhangaika wote ndipo akalia. "Alikuwa anangoja watu wakae," shangazi alisema. Bila shaka alitia chumvi, kwa kuwa shangazi huyo hata kwenda dukani na kurudi alikuwa na hadithi yake. Lakini ndugu zake wote walikubali kwamba tangu mdogo mtu huyu aliweza kukutolea machozi akitaka kipande cha mkate, na akikipata machozi yanarudi yalikotoka.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na karakana kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya kutwa hadi 1968. Hakuwa hodari wa hesabu. Alikuwa hodari wa mwalimu mkuu. Mwalimu huyo alikuwa na kikohozi chake cha kutangulia, akikohoa ukumbini darasa zima linanyamaza kabla hajafika. Marehemu akakisomea kikohozi kile mpaka akakipata. Siku moja alikohoa nyuma ya mlango, na mwalimu wa jiografia, mtu mzima mwenye familia, akaficha kikombe chake cha chai ndani ya droo, chai ikamwagikia ramani. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu mwenyewe alipokuja na kukohoa, hakuna aliyesimama. "Acha ujinga, tumeshakuzoea!" sauti moja ilitoka nyuma. Marehemu alifagia uwanja wa shule muhula mzima, na alisema hadi uzeeni kwamba adhabu ile ilikuwa sifa ya kwanza aliyopata kwa kazi yake.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika ofisi za reli, na kuanzia 1974 jioni alikuwa akiigiza michezo ya redio. Waliozaliwa zamani wanakumbuka. Katika kipindi kimoja alikuwa babu mgonjwa, mjukuu anayedeka, na muuza mkaa anayepita dirishani, na watu walipiga simu kituoni kumpa pole babu. Hakuna aliyejua kwamba wote watatu walikuwa mtu mmoja mwembamba mwenye kofia, aliyesimama mbele ya kipaza sauti kimoja. Binti yake anaomba mlishike jambo hili, kwa sababu baadaye walikuja watu na miwani yao kutuambia kwamba marehemu hakuwa na zaidi ya sura moja.

Hata mkewe alimpata hivyo hivyo. Mama yetu, mwalimu wa chekechea, alipotelewa na sanduku lake safarini, akapiga simu ofisi za reli. Mpokea simu akamsikiliza, akampa karani wa mizigo. Karani, mtu wa kukwaruza sauti, akamhoji rangi ya sanduku, akampa mkubwa wake. Mkubwa akaomba radhi kwa upole usio wa kawaida, akamsihi afike ofisini yeye mwenyewe. Mama alipofika akitafuta ofisi tatu, alikuta chumba kimoja, kijana mmoja, na sanduku lake juu ya meza limefutwa vumbi. "Mkubwa wako yuko wapi? Nimekuja kumshukuru." Kijana akamjibu kwa ile sauti ya upole, "Karibu, mama, keti." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 25 Agosti 1979, wakajaliwa watoto watatu: binti huyu anayesoma, mdogo wake wa kiume ambaye ni dereva wa malori, na kitinda mimba, fundi umeme.

Mwaka 1986 ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wengi wenu mnauita mwaka huo mwanzo wa mafanikio. Mwigizaji aliyepangiwa kuwa baba wa kambo katili aliugua siku ya kwanza ya kazi, na prodyuza akakumbuka kwamba kuna mtu wa redio mwenye sauti nzito. Baba alikwenda na shati lake la ofisini. Hakupewa fimbo, hakupewa maneno ya kufoka. Alichokifanya alikibuni mwenyewe pale pale. Mtoto amechelewa, anafungua mlango. Kambo yuko kitini, anasoma gazeti, hanyanyui macho. Analikunja gazeti mara moja, polepole, analainisha mkunjo kwa kidole gumba. Analikunja tena. Ukumbi mzima wa sinema ulikuwa ukisikia karatasi tu, na watu wazima, wanaume wenye ndevu zao, waliinamisha vichwa kama waliochelewa kurudi nyumbani ni wao.

Tangu siku hiyo hakuachiwa. Kila mwaka filamu, na kila filamu ni Kambo. Wenzake walipewa skripti nene, wakakesha nazo. Yake ilikuwa na mstari mmoja: Kambo anaingia, anafanya kama kawaida yake. Mtu aliyewahi kuwapa sauti babu, mjukuu na muuza mkaa kwa jioni moja, akaandikiwa kama kawaida yake kwa zaidi ya miaka thelathini! Alisoma mstari ule mezani kwetu, akauweka chini, akasema, "Wamenisahau tena."

Si kwamba hakuomba. Prodyuza yule, ambaye leo ameketi mstari wa mbele na amevaa miwani ya jua, anakumbuka vizuri.

"Nipe mlinzi," Baba alimwambia. "Nipe padri, nipe mlevi, nipe hata maiti, nitalala nitulie."

"Mzee wangu, watu wanakuja kukuona ukikunja gazeti. Ukiwa mlinzi, nani atakuja?"

"Atakuja anayetaka kumwona mlinzi."

"Lo, mzee bwana! Utani wako huo uuweke kwenye filamu."

Hakuwa anatania, ndugu prodyuza. Na juzi, ulipokuja na wazo kwamba mtu asimame hapa kaburini akunje gazeti kwa heshima yake, ukakuta familia imenuna, ni kwa sababu hiyo. Tunakushukuru kwa maua.

Nyumbani tulililipia jina hilo kwa namna zetu. Binti yake mkubwa akiwa darasa la tatu aliitwa pembeni na mwalimu wakati wa mapumziko.

"Mwanangu, yule ni baba yako wa kukuzaa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Una hakika? Usiogope, sema." Akamshika bega. "Na kula, mnakula?"

Bibi yetu mzaa mama, aliyempenda mkwewe kupita kiasi, alipoiona filamu alifungasha begi akatokea bila taarifa, akakaa kwetu mwezi mzima akituchungulia migongo tukioga. "Mambo yale hayatoki hewani," alimnong'oneza Mama. "Mtu lazima anayo ndani." Na aliyekuwa "nayo ndani" alikuwa jikoni muda huo, anamchunia kitinda mimba ganda la chungwa kwa mviringo mmoja usiokatika, kwa sababu likikatika mtoto alikuwa hali.

Ubishi wenyewe kuhusu uwezo wake ulikuwa na makao makuu, nayo ni kwa kinyozi wa mtaani kwetu, ambapo picha ya marehemu iko juu ya kioo hadi leo. Kinyozi alimpenda, hilo hatubishi. Lakini alikuwa na msimamo wake.

"Kambo ni gwiji," alisema, "ila ana uso mmoja. Huo mmoja hakuna anayeuweza. Wa pili hana."

Muuza magazeti wa mlango wa pili akaruka, "Nyinyi mmempa mmoja, halafu mnamlaumu hana wa pili! Mlimpa lini?"

Binti wa marehemu alikuwa hawezi kukaa kimya. Siku moja alimpeleka mwanawe kunyolewa, akaingia kwenye ubishi, kinyozi naye akakolea, na mtoto akarudi nyumbani kanyolewa upande mmoja.

Nafasi ya uso wa pili alikuja kuipata mara moja, mwaka 2009. Mwongozaji mmoja kijana, msichana asiyeogopa mtu, alimpa nafasi ya mjane wa kiume anayelea mtoto peke yake. Baba alifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alijifunza kusuka nywele za mtoto. Alijifunza kupika uji ukaungua, ili uungue vizuri. Kuna mahali mtoto hataki kula, na baba yule anachukua gazeti, analikunja polepole, analainisha mkunjo, anamtengenezea kofia, na anamvalisha huku machozi yanamtoka kwa ajili ya mama yake mtoto. Tulikuwa ukumbini familia nzima, tumevaa vizuri. Gazeti lilipoanza kukunjwa, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mtoto, kimbia!" Ukumbi ukalipuka. Alipolia wakacheka zaidi. "Msimwamini huyo! Anajifanya!" Mtoto akavalishwa kofia, na watu walisimama juu ya viti wakingoja kipigo mpaka taa zikawashwa. Filamu ikaondolewa kabla ya wiki kwisha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alimshika mkono. Baba alisema, "Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha." Sisi tuliwalaumu, na tunaendelea kuwalaumu, na baadhi yao wako hapa leo wamevaa nyeusi.

Jumamosi iliyopita, mwili wa marehemu ukiwa bado hospitali, redio ilikuwa na kipindi maalumu cha kumkumbuka. Mchambuzi akasema Kambo alikuwa nguli, lakini nguli wa sura moja, asiye na upana. Binti yake akapiga simu, akangoja, akapata laini. "Mimi ni mtoto wake," akaanza, "nataka niwaambie jambo alilofanya mwaka jana." Mtangazaji akamjibu kwa sauti ya asali, "Pole sana, dada yetu, tuko pamoja nawe, tunakwenda kwenye tangazo." Likaja tangazo la magodoro. Kwa hiyo atalisema hapa, ambako hakuna wa kumkata kauli.

Machi 2023 marehemu alirudi nyumbani mchangamfu, akamwambia Mama amepewa filamu.

"Kambo tena?"

"La. Babu. Mzee mwenye afya tele, anapendwa na wajukuu zake, hana tatizo lolote duniani."

Mama alipiga vigelegele peke yake sebuleni. Baada ya miaka yote hiyo! Na kwa kuwa marehemu alisema nafasi hiyo ni ngumu, kwamba mzee mzima ni mgumu kuigiza kuliko mzee mgonjwa, Mama akajitolea kumsaidia kufanya mazoezi. Kila alasiri walisogeza meza. Mama alikaa kwenye kochi akimtazama, na akili ya ualimu haijamtoka.

"Hapo umeburuta mguu. Babu mwenye afya haburuti mguu. Rudia."

Akarudia.

"Sasa unahema. Mbona unahema na umetoka mlangoni hapo tu? Rudia."

Akarudia, mpaka akapata. Mama alituambia kwenye simu, kwa fahari, "Baba yenu anaibeba nafasi hii, mtaona."

Hapakuwa na filamu, jamaa zangu. Siku aliyorudi na habari hizo alikuwa ametoka kwa daktari, ambaye alimweleza kwamba moyo wake umepanuka na umechoka, na akamshauri apasuliwe upesi. Alisema atafikiria. Kila alipoaga kwenda "mazoezini" alikuwa anakwenda kliniki, peke yake, na kofia yake.

Binti yake ni muuguzi. Anarudia, muuguzi, na wodi yake ni ya wagonjwa wa moyo kama huyo. Alikwenda kwao kila Jumapili, akamtazama baba yake kwa macho yake mawili, na akapigwa changa la macho. Ngazi za nyumba yetu ni ndefu. Marehemu alizipanda mbele yake akiimba puani, na penye kona alisimama, akageuka, akatoa kichekesho kirefu. Sisi tulicheka. Alikuwa anavuta pumzi, na vichekesho vyote vya mwaka mzima vilitolewa pale pale penye kona, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini. Miguu ilipoanza kuvimba alivaa buti, akasema babu wa kwenye filamu ni mtu wa shamba. Aliposhindwa kulala chali alihamia kitini, na Mama akatueleza, "Babu huyo hulala kwenye kiti, anajizoeza." Muuguzi yeyote wa mwaka wa kwanza anajua maana ya mtu kulala ameketi. Binti yake alisikia, akasema, "Baba na kazi yake!", akamfunika shuka magotini.

Tarehe 16 Mei 2024, Alhamisi, saa kumi jioni, marehemu alikuwa anapanda ngazi na jirani. Alifika penye kona, akasimama, akaanza kumsimulia jambo la kuchekesha, na hakulimaliza. Tulimfikisha hospitali. Daktari alipomwona alimwita kwa jina lake la kuzaliwa. Binti yake akamuuliza, "Mnajuana?" Ndipo tukaambiwa, tumesimama ukumbini, kila kitu tangu Machi ya mwaka jana. Daktari alisema alimsihi mara nyingi awaambie watu wake. Marehemu alimjibu kwamba akisema, nyumba nzima itakuwa nyumba ya mgonjwa, na hataki kutazamwa kwa macho hayo. Na mara ya mwisho, daktari alisema, alikuwa ametanua kifua kama mtu aliyepewa tuzo. "Binti yangu ni muuguzi, daktari. Hajagundua."

Alifariki jioni ile ile, kabla ya saa moja. Mama alikuwa bado hajaelewa. Alitushika mikono akauliza, "Na ile filamu, itatoka lini?"

Sasa wenye kubishana mnaweza kukaa mkahukumu. Upana alikuwa nao. Alipewa nafasi hatimaye, akajipa mwenyewe, akaicheza zaidi ya mwaka bila kukosea mstari, mbele ya watazamaji wanaomjua kuliko mtu mwingine yeyote, na sisi wote tukaamini. Ulikuwa uhodari wa hali ya juu, na binti yake angempiga makofi kama asingekuwa na hamu ya kumpiga vibao. Angepasuliwa. Huenda angekuwa hapa, anasumbua watu na gazeti lake. Tungemletea maji, tungemkatia kucha, tungemnunia akikataa dawa. Alitunyima hayo yote kwa ajili ya kucheza vizuri, na hatujui tumshtaki wapi.

Kinyozi alifika nyumbani msibani Ijumaa, akamkuta Mama ameketi kwenye kochi lile lile, na meza haijarudishwa mahali pake. Alikuwa amesikia habari zote kwa jirani. Akapiga goti mbele yake, mtu mzima yule, akilia waziwazi.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nimebisha miaka yote. Kumbe uso wa pili alikuwa nao."

Mama hakuwa amelia hata mara moja tangu Alhamisi.

"Bora angekuwa na ule mmoja tu, mwanangu," alisema. "Ningemwona anaumwa. Ningemuuguza."

Kisha akalia, na tangu hapo hajanyamaza vizuri.

Marehemu ameacha mjane, ambaye anaomba asiulizwe kuhusu filamu yoyote, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na mdogo wake wa mwisho aliyesafiri siku mbili kufika hapa. Familia inamshukuru daktari, jirani aliyemshika asianguke, majirani wote, na kila aliyempenda, hata waliomcheka alipolia.

Baba yetu na apumzike kwa amani, na safari hii apumzike kweli.